Majua mawili juu ya Manda: tathmini ya mpiga picha wa nyumba za wageni

Anza na punda. Katika picha ya nane kati ya 25 nilizoletewa, punda wa jirani yangu amesimama ukingoni mwa bahari hapa Lamu, mgongoni ana magunia mawili ya mchanga, na nyuma yake jua kubwa jekundu linazama juu ya mikoko ya kisiwa cha Manda. Picha inapendeza, siwezi kukataa. Watu wanne wameniomba niwatumie waiweke kwenye simu zao. Sasa teremsha macho mpaka kwenye kwato za punda. Kivuli chake kimelala kuelekea baharini, yaani kinalifuata jua. Nina miaka 56, nimezaliwa mji huu, na sijapata kuona kivuli kinachokimbilia jua badala ya kulikimbia.

Kosa la pili halihitaji hata macho makali. Mji wa Lamu umeielekezea Manda uso, na Manda iko mashariki yetu. Jua huchomoza kule. Likizama linazama nyuma ya migongo yetu, huko mashambani kwenye minazi na miembe, na aliyesimama gatini halioni kabisa kwa sababu mji mzima umemkinga. Picha ile ilipigwa saa kumi na nusu alasiri. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimemshika punda.

Basi hii ni tathmini ya huduma ya picha niliyoilipia mwezi wa pili, kaskazi ikivuma, na naiandika kwa wenye nyumba za wageni wenzangu, wa hapa na wa Malindi, maana najua wanapigiwa simu na vijana wa kamera kila msimu ukikaribia. Jina la studio silitaji. Ni kijana na msaidizi wake, wanavuka kuja kisiwani na kurudi, na kazi hii ndiyo inayowalisha. Makubaliano yalikuwa Sh18,000 kwa picha 25 za nyumba na mazingira yake, nusu kwa M-Pesa kabla, nusu baada ya kupokea; kulala na kula juu yangu.

Kwa tabia sina lawama. Walishuka kwenye boti ya Mokowe saa waliyosema, walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na waliuliza kabla ya kuelekeza kamera upande wa jikoni waliko wanawake. Hilo la mwisho, kwa Lamu, ni nusu ya kazi. Msaidizi alikuja na droni. Alipoambiwa asiirushe juu ya nyua za watu aliirudisha mkobani bila kununa. Siku mbili walifanya kazi, na siku ya kumi, kama walivyoahidi, picha zikaingia.

Niseme na mimi ni nani katika mambo haya, asije mtu akadhani ni mzee anayelilia zamani. Kabla ya kurithi nyumba hii nilifanya kazi miaka 13 katika studio moja ya Mombasa, na tisa kati ya hiyo ilikuwa ndani ya chumba cha giza, nikisafisha filamu na kuchapa picha. Dawa ya pili, ile ya kusimamisha, ina asidi ileile ya siki, kwa hiyo nikirudi nyumbani mke wangu alikuwa akiniuliza kama nimetoka kazini au nimetoka kutia achari. Pale ndipo nilipojifunza kwamba picha haitoki kwenye kamera ikiwa imekwisha. Mwanga unapita kwenye negativu, unaanguka kwenye karatasi, na karatasi ilipopata mwanga mwingi ndipo panapokuwa peusi. Ukitaka uso wa bibi arusi usipotelee gizani, unaukinga kwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya, sekunde tatu nne, ukikitikisatikisa kisiache alama. Ukitaka anga iwe nzito, unatoboa tundu kwenye kadibodi kubwa na kuimwagia hiyo anga mwanga zaidi. Picha moja ya harusi niliweza kuihangaikia asubuhi nzima. Kwa hiyo mtu akiniambia "hii imeeditiwa" sishtuki. Kwangu mimi hiyo ni sawa na kuambiwa wali umepikwa.

Picha ninayoipenda kuliko zote katika hizi 25 ndiyo iliyofanyiwa kazi nyingi kuliko zote. Ni ya chumba cha ndani. Mnaojua nyumba za zamani za Lamu mnajua mpango wake: daka la mlangoni, tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana, yaani kumbi ndefu, kisha ndani, na kila ukiingia hatua moja mwanga unapungua. Ukisimama ndani na kutazama nje, kiwanda kinawaka na chumba ni kiza. Filamu ilikuwa inakulazimisha uchague: ama upate chumba na kiwanda kiungue cheupe, ama upate kiwanda na chumba kiwe pango. Kijana yule aliweka kamera kwenye miguu mitatu akapiga mara tatu bila kuisogeza, moja kwa ajili ya kiza, moja kwa ajili ya mwanga, moja ya kati, kisha akaziunganisha kwenye kompyuta. Unaziona boriti za darini na mistari ya rangi nyekundu iliyofifia, na papo hapo unaona mtungi kule kiwandani na kata iliyolazwa juu yake. Ndivyo jicho linavyoona baada ya kukaa ndani dakika moja na kuzoea. Picha tatu katika moja, na sina hata doa la kulalamikia. Kama kuna mtu wa kushindana nami kwamba hiyo si picha tena, aje anywe kahawa, tutazame pamoja.

Sasa njoo kwenye picha ya kumi na moja. Chumba hicho hicho, ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani.

Ukuta ule ni wa chokaa iliyochongwa, zidaka zimepangana safu juu ya safu, na kati ya safu na safu kuna utepe wa maua. Aliyeuchonga hata mama yangu hamjui jina, lakini mkono wake tunaujua. Kila ua lina majani sita, na lile la mwisho kila safu limepinda kidogo upande wa kushoto, nadhani kwa sababu ya jinsi alivyokuwa akikaa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliangusha pembe ya chini, zidaka tatu. Baba aliziba kwa chokaa tupu, pakabaki kibandiko cheupe, kama pengo la jino mdomoni. Wageni huuliza, nami huwaeleza, na ile hadithi ya mvua imekuwa sehemu ya chumba.

Kwenye picha hakuna pengo. Zidaka zote zimetimia. Kusema kweli, mara ya kwanza moyo uliruka, nikamkumbuka baba. Kisha nikachukua ile lenzi ndogo ya kukagulia negativu, ambayo ninayo mpaka leo, nikaiweka kwenye skrini. Zidaka tatu mpya zimechongoka juu na kujaa tumboni kama vitunguu, umbo ambalo ukuta wetu haulijui, na hata kwenye kuta za majirani sijaliona. Maua yake moja lina majani matano, moja saba, na la tatu linaanza vizuri halafu linayeyuka, mstari unakwenda unakwenda na kuwa ukungu. Kijana hakuchonga hivyo, hata asingeweza. Alizungushia pengo alama, akaiambia programu ijaze, nayo ikajaza kwa kukisia. Katika kibandiko kile cha picha hakuna mwanga hata chembe uliotoka ukutani kwangu ukaingia kwenye kamera.

Wiki mbili baada ya kuiweka picha kwenye mtandao, msichana mmoja anayesomea usanifu wa majengo aliniandikia kwa adabu sana, akiomba ruhusa aje apime zidaka tatu za pembe ya chini, kwa sababu hajaona mfano wake kokote Lamu. Nilikaa na ujumbe ule siku nzima sijui niujibu vipi. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001 kwa sababu ya kuta kama ule, na mimi, mwenye ukuta, nimeutangazia ulimwengu zidaka za uongo. Nilimjibu ukweli. Akacheka, akasema atakuja kulipima pengo.

Picha ya kwanza, ile waliyoiita picha ya mlango wa duka, ndiyo iliyonitia hasara ya fedha. Imepigwa kutoka juu ya paa langu ikitazama mkondo. Hapa mbele ya mji hakuna ufuo wa kuogelea. Kuna ukuta wa bahari, kuna magati, na bamvua ikipwa kuna matope meusi na mashua zimelala ubavu zikingoja maji. Ufuo uko Shela, kilomita tatu hivi kutoka hapa, kwa boti au kwa miguu. Kwenye picha matope yamegeuka mchanga mweupe. Mashua mbili zilizolala zimeondolewa, nyaya za stima zimeondolewa, na tangi jeusi la maji la jirani limeondolewa pia. Tangi nilimsamehe nusu, kwa sababu hata mimi silipendi.

Wageni wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Nakuru. Waliweka mizigo, wakapanda juu, mume akasimama akatazama kulia akatazama kushoto, simu mkononi. "Mzee, bichi iko wapi?" Maji yalikuwa yamekupwa, na harufu ile mnayoijua ilikuwa imepanda. Nikawakodia boti ya Shela kwa pesa yangu siku zote tatu walizokaa. Walikuwa watu wema. Mke alipendezwa na msana, akalala pale mchana kutwa na kitabu chake. Lakini walipoondoka waliandika kwenye ukurasa wetu: nyumba nzuri, wenyeji wazuri, ila si nyumba ya kwenye picha. Nyota tatu. Nyota hizo zimekaa kwenye jina langu. Mpiga picha hazimgusi.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Lile jua la punda umelitoa wapi?"

Akacheka kidogo. "Liko kwenye programu, ami. Unachagua anga unayoitaka, inakaa yenyewe."

"Na kivuli?"

Kimya. Nikasikia kibodi upande wa pili, anaifungua picha. Kimya tena. "Aisee," akasema, "hicho sikukiona."

Nilimpenda kwa jibu lile. Angeweza kubisha. Lakini hakuniacha hivyo hivyo, alinirudishia. "Ami, siku hizi hakuna picha isiyoeditiwa. Hata simu yako, ukibonyeza mara moja inapiga picha kadhaa na kuzichanganya kabla hujaona kitu. Mbona hiyo huigombezi?" Na ni kweli, simu za leo hufanya hivyo. Usiku ule sikulala mapema.

Maana ukitafuta mwanzo wa mchezo huu, unaukuta karibu na mwanzo wa picha zenyewe. Mfaransa Daguerre alitangaziwa ugunduzi wake wa njia ya kupiga picha Paris mwaka 1839. Kufikia 1857 Oscar Rejlander, Mswidi aliyehamia Uingereza, alikuwa ameshatoa picha moja kubwa aliyoiunganisha kutoka negativu zaidi ya 30. Ansel Adams wa Marekani alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez huko New Mexico mwaka 1941, kisha kwa miaka mingi akawa anaichapa upya, na kila alivyozidi kuichapa ndivyo anga yake ilivyozidi kuwa nyeusi. Hakuna anayemwambia Adams hakuwa mpiga picha. Na hatuhitaji kwenda mbali. Hapa hapa Lamu marehemu Omar Said Bakor, aliyefungua Bakor Studio miaka ya sitini, alisifika kwa kukata na kuunganisha picha, kichwa cha mtu kikatokea mahali ambapo kichwa hakikai. Watu walitoka kwake wakicheka. Walijua wametazama ufundi wa Bakor, na walimlipa kwa huo.

Sasa mlinganishe Bakor na jarida la National Geographic. Februari 1982 jarida lile lilikuwa na picha ya mlalo ya mapiramidi ya Giza huko Misri, na jalada lake ni la wima, basi kwa kompyuta wakayasogeza mapiramidi yakaribiane yaenee. Tendo dogo kabisa. Hakuna kichwa kilichokatwa, hakuna jua lililobadilishwa, mawe yamesogea kidogo tu kwenye karatasi. Na bado wanasutwa mpaka leo, miaka zaidi ya 40, wakati Bakor hakuna aliyemsuta. Kwa sababu msomaji wa jarida lile alifungua akiamini anaoneshwa Misri ilivyo. Hapo ndipo nilipomwelewa kijana wangu na kumkatalia kwa pamoja. Kuediti kwingi au kuchache si hoja. Ile ya chumba cha ndani ameiediti kwa mikono miwili na ni picha kamili. Ile ya ufuo, mgeni anaitazama ili ajue atakapolala, na hakuna mahali alipoambiwa kwamba anatazama ndoto ya programu. Na zidaka zangu tatu ni ukoo mwingine kabisa. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kitengo kimoja cha tuzo za Sony World Photography Awards kwa picha iliyotengenezwa na akili mnemba, kisha akaikataa zawadi mwenyewe, akisema vitu hivyo viwili visishindanishwe. Nakubaliana naye. Palipojazwa na programu pale pembeni pana mchoro, si picha, hata kama umezungukwa na picha pande zote nne.

Ningeishia hapo nikijiona mshindi, kama si mama.

Mama ana miaka 81. Kila siku baada ya alasiri hukaa kiwandani akisuka ukili, na kijana alipoomba kumpiga alikubali mikono tu, uso hapana, picha za uso wake si za mitandao. Picha ya kumi na tisa ni hiyo. Chane za ukili, mwanga wa pembeni, vidole vinatembea. Ila mikono si yake. Mishipa imelainishwa, madoa yamefutwa, ngozi inang'aa, na kwenye kidole gumba cha kulia, alipojikata kwa mbuzi ya kukunia nazi kabla mimi sijazaliwa, hakuna kovu. Kovu lile nalijua kuliko jina langu. Nikiwa mdogo nilikuwa nalipitisha kidole mpaka nalala. Nikampelekea simu nikiwa nimeshakasirika kwa niaba yake.

Akavaa miwani. Akatazama sana. "Wameipiga pasi," akasema, na akaanza kucheka mpaka ukili ukamponyoka. "Nichapishie. Nitilie kwenye fremu."

"Lakini mama, si mikono yako hii."

"Ni yangu ya zamani."

Nikaanza kumweleza habari za kovu, na ukweli, na kwamba mtu akiona atadhani ni msichana. Akavua miwani. "Na wewe kule Mombasa, kwenye kiza kile, miaka yote ile ulikuwa ukifanya nini? Ukisali?"

Nilikuwa nikifanya haya. Nilikuwa na penseli za kila ugumu, zimechongwa ncha kama sindano, na nilikuwa nikizikwaruza juu ya negativu, upande wa dawa, kuziba chunusi na mikunjo ya watu waliolipa shilingi kumi zaidi. Nilikuwa na brashi ya nywele tatu ya kuzima madoa meupe kwenye karatasi. Na mwaka 1994 alikuja mama mmoja na watoto watatu, mumewe yuko Jeddah mwaka wa nne, ameshika picha ndogo ya pasipoti ya huyo mume. Akataka wawe pamoja, wote watano. Tukawapiga wamekaa, pembeni tukaacha nafasi. Nikaikuza ya baba, nikaikata kwa wembe, nikaibandika, nikapiga picha upya, nikafifisha mipaka kwa brashi. Kichwa kilitoka kikubwa kidogo. Na mwanga wa taa zetu ulikuwa ukitoka kulia, wakati yule wa Jeddah alipigiwa taa kutoka kushoto, kwa hiyo pua yake ilitupa kivuli upande mmoja na pua za wanawe upande mwingine. Majua mawili, yangu mwenyewe, miaka zaidi ya 30 kabla ya punda. Mama yule alichukua nakala tano. Moja aliituma Jeddah.

Sijuti kwa picha ile hata leo, na nimeitafuta sababu kwa uaminifu, si ya kujitetea. Aliyeiagiza alijua. Watoto walijua baba hayupo, kila jirani aliyeiona ukutani alijua, na huyo baba alipofungua bahasha alijua kuliko wote. Hakuna aliyefunga mizigo akapanda basi kutoka Nakuru kwa ajili ya nafasi ile tuliyoijaza. Ndiyo maana ya mama nimeichapisha. Imetundikwa msanani, fremu nyeusi, na mgeni akiisifu mama humwonesha kidole gumba chenyewe, kovu na yote, akamwacha alinganishe.

Turudi kwenye huduma, maana ndiyo mliyokuja kuisoma. Nilidai picha mbichi, zile zilizotoka kwenye kamera bila kuguswa. Hapo pana tatizo ambalo nataka mlijue kabla hamjatuma malipo ya kwanza: picha mbichi hazimo kwenye bei. Kijana aliomba Sh3,000 zaidi, na mwanzo hakutaka kuzitoa kabisa, akaniambia ni kama kumwomba mpishi mchele. Hoja yake naielewa, lakini hata wakubwa wa kazi hii siku hizi wanaulizwa hivyo. Mwaka 2015 mashindano ya World Press Photo yalidai faili za awali za waliofika raundi ya kabla ya mwisho, na asilimia 20 ya picha hizo zikatupwa nje kwa kupitilizwa mkono. Kama wapiga picha wa magazeti ya dunia wanafunguliwa sufuria, sembuse sisi wa vyumba vinne. Tulipatana Sh2,000. Akazituma, na akazifanyia kazi upya picha tisa bila malipo, kwa siku sita.

Bila anga ya programu, punda yule anaonekana amefinya macho kwa vumbi la kaskazi. Mbingu ni nyeupe kidogo, kama ilivyo alasiri ya msimu ule, na nyuma ya sikio lake la kushoto kuna mashua inashusha saruji. Nimeiweka hiyo. Picha ya juu ya paa sasa ina tangi, ina nyaya, na chini yake nimeandika kwa maneno kwamba ufuo uko Shela na boti zipo. Zidaka zimerudi na pengo lao. Nakshi za mlango, ambazo awali zilikuwa zimekolezwa mpaka mbao zikafanana na chokoleti, amezirudisha kwenye rangi ya mti uliopigwa na chumvi miaka mingi.

Nampa nyota tatu na nusu. Nusu ni ya kukubali kosa la kivuli bila kubishana, ambayo katika watu wazima niliofanya nao kazi ni adimu kuliko lenzi nzuri. Angekuwa ameniuliza kabla ya kugusa matope na ukuta, ningempa tano kwa ajili ya ile picha ya chumba cha ndani peke yake. Bei ni ya haki. Ukimwita, andikeni kabisa kwenye makubaliano kitu gani ataongeza mwanga na rangi, na kitu gani hakiondoki wala hakiingii bila wewe kujua, na picha mbichi ziwe ndani ya bei tangu siku ya kwanza.

Anarudi mwezi wa kumi na mbili kupiga upya upande wa bahari. Bado anataka jua jekundu juu ya Manda, hajalisahau. Nimemwambia lipo, na ni la bure, ila alale hapa kwangu na aamke saa kumi na moja alfajiri. Punda nitamshika mimi.